Jinsi ya Kuoanisha Kompyuta na Skrini Kabla ya Kununua Waya

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa madukani Kisumu, Nakuru na Kakamega ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, ambazo wauzaji huziita "ex-UK". Ni mashine imara na bei yake inavumilika, lakini ziliundwa kwa matumizi ya ofisi, na watengenezaji wengi wa mashine za ofisi walipendelea tundu la DisplayPort kuliko la HDMI. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, kwa mfano, ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, wala haina HDMI. Mnunuzi anayetaka kuiunganisha na televisheni ya nyumbani hulazimika kurudi dukani kutafuta adapta, na si ajabu akauziwa isiyofaa. Gharama hiyo inaepukika ikiwa, kabla ya kulipa, utajua kompyuta inatoa ishara ya aina gani na skrini inapokea ishara ya aina gani.

Anza kwa kugeuza mashine na skrini, ukague migongo yake penye mwanga wa kutosha. Tundu lenye vishimo 15 vilivyopangwa kwa safu tatu, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu na skrubu mbili pembeni, ni VGA, iliyoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Hili hupitisha ishara ya analojia, yaani volteji inayopanda na kushuka kulingana na ukali wa rangi nyekundu, kijani na buluu, na kwa sababu hiyo waya mrefu au duni huonekana moja kwa moja kwenye picha: herufi hufifia na vivuli hujitokeza kandokando yake. VGA haibebi sauti. Picha yake ikihamia upande mmoja wa skrini, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kilicho kwenye skrini yenyewe, ambacho kwa kawaida kimeandikwa AUTO.

DVI, ya mwaka 1999, inahitaji jicho makini zaidi kwa kuwa matundu yanayofanana hufanya kazi tofauti. Tazama ule mpasuo bapa ulio upande mmoja wa tundu. Ukiona vishimo vinne vidogo vimeuzunguka kwenye tundu la kompyuta, hiyo kwa kawaida ni DVI-I, inayotoa ishara ya dijitali na ya analojia pia. Mpasuo ukiwa peke yake, hiyo ni DVI-D, ambayo ni ya dijitali tu. HDMI, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002, inajulikana na kila mwenye televisheni ya kisasa, nayo hubeba picha na sauti pamoja. DisplayPort, iliyotolewa na shirika la VESA mwaka 2006, hukaribiana na HDMI kwa ukubwa, ila pembe yake moja tu ndiyo iliyokatwa. Waya zake nyingi zina kufuli ndogo, kwa hiyo bonyeza kibonyezo chake kabla ya kuuchomoa, maana wanaouvuta kwa nguvu huharibu tundu. Kuhusu USB-C, umbo lake halikuhakikishii lolote: baadhi ya matundu hayo hutoa picha na mengine hubeba data na umeme pekee, hivyo soma maelezo ya mtengenezaji wa mashine hiyo.

Adapta ndizo zinazowapotezea watu pesa kuliko kitu kingine chochote katika shughuli hii. Ishara ya picha hutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini, kama Mto Nzoia unavyoteremkia Ziwa Victoria, na adapta nyingi hukubali mwelekeo huo mmoja tu. Tundu la DisplayPort lenye alama ya herufi D na P pamoja na alama mbili za kujumlisha linaweza kutoa ishara ya HDMI au DVI kwa adapta rahisi isiyo na umeme wake. Adapta hiyohiyo haitafanya kazi ukiigeuza, yaani kompyuta ikiwa na HDMI na skrini ikiwa na DisplayPort pekee. Hapo unahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, ambacho mara nyingi huchukua umeme kupitia waya wa USB. Vivyo hivyo, kutoka HDMI kwenda VGA lazima pawepo saketi ya kugeuza dijitali kuwa analojia, na waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hautafaa hata uwe wa bei gani. DVI-I ya kompyuta huunganishwa na skrini ya VGA kwa kiungio cha kawaida kwa kuwa ishara ya analojia tayari imo, ilhali DVI-D haiwezi. Unapofika dukani, usimwambie muuzaji kwamba unataka adapta ya HDMI na VGA. Mwambie kompyuta ina nini na skrini ina nini, kwa utaratibu huo, kisha uombe ijaribiwe mbele yako.

Jambo la pili ni kujua picha inatengenezwa wapi ndani ya mashine. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya grafiki, bali picha hutengenezwa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa na kutokea kwenye matundu ya bodi kuu. Hata hivyo, prosesa za Intel ambazo jina lake huishia kwa herufi F, kama Core i5-12400F, hazina sehemu hiyo, na AMD Ryzen 5 5600 pia haina, ingawa ndugu yake 5600G anayo. Ukiwa na prosesa ya namna hiyo bila kadi, matundu ya bodi kuu hayatatoa picha yoyote, na hakuna waya utakaobadilisha hali hiyo. Kadi ikiwepo, unganisha skrini kwenye matundu ya kadi, kwa kuwa mashine nyingi huzima matundu ya bodi kuu mara zinapoitambua kadi.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Maseno au Egerton anayeandika kazi zake, kufuatilia masomo mtandaoni na kutazama filamu hahitaji kadi. Pesa hizo zingemfaa zaidi kwenye SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi. Anayehariri video au kucheza michezo mizito ana sababu ya kuinunua, lakini akague mashine yake kwanza. OptiPlex 7010 yenye kasha dogo hukubali kadi za kimo kifupi tu (low profile), na kisanduku chake cha umeme kina wati 240. Nafasi ya PCIe, yaani ile kadi inamochomekwa kwenye bodi kuu, huipa kadi wati 75 kwa upeo, na kadi inayohitaji zaidi huongezewa waya wa pini 6 au 8 ambao mashine hizi ndogo huwa hazina. Ndiyo maana kadi kama GT 1030, inayotumia takriban wati 30 bila waya wa ziada, huzifaa. Zima mashine na uchomoe waya wa umeme kabla ya kuifungua.

Usisahau kiasi cha data kinachopita. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na ya 4K ina 8,294,400, mara nne zaidi. DVI ya kiungo kimoja hukomea 1920 kwa 1200 kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde. HDMI 1.4 huonyesha 4K kwa hezi 30 tu, na kishale cha kipanya huonekana kizito, ilhali HDMI 2.0, ya mwaka 2013, hufikia hezi 60. Kompyuta, waya, adapta na skrini vikitofautiana, kilicho dhaifu ndicho kinachoamua.

Skrini ikiandika kwamba hakuna ishara, kwanza ingia kwenye menyu yake uchague tundu ulilotumia, kisha kaza waya pande zote mbili, halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague skrini ya kuonyesha picha. Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana mashine inapowaka kisha picha inapotea, kwa kawaida waya ni mzima na tatizo liko kwenye mipangilio au draiva, yaani programu inayoendesha kifaa cha picha. Jina Microsoft Basic Display Adapter likionekana katika orodha ya vifaa, draiva sahihi haijawekwa, na utaipata kwenye tovuti ya Intel, AMD, NVIDIA au ya mtengenezaji wa kompyuta. Picha ikishatulia, fungua mipangilio ya skrini uhakikishe kwamba hezi ulizozilipia ndizo zilizochaguliwa, kwa sababu Windows inaweza kuiacha skrini ya hezi 144 ikifanya kazi kwa hezi 60.