Mbuzi kwanza, migebuka mwisho: kuchoma uani Kigoma

Mvua ikishakatika, nyua za Mwanga na Katubuka, hapa mjini Kigoma, zinaanza kutoa moshi kila Jumamosi. Juzi nilimsaidia jirani aliyekuwa anawapokea shemeji zake kutoka Dar, na maswali aliyoniuliza kuhusu kuchoma mbuzi na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Mimi huchoma kwenye shughuli za watu, kwa hiyo mengine nitayaruka. La kushika ni hili: mbuzi humngoja mgeni, samaki hamngoji mtu. Ukigeuza mpangilio huo, utagawa nyama mbichi na samaki aliyekauka.

Hatua ya 1: Tazama kalenda na mwezi

Kabla hujamwahidi mtu mgebuka, ulizia mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na huo ndio msimu wenyewe wa sherehe za uani. Ziwa likifungwa, weka kuku mahali pa samaki na maisha yaendelee. Ziwa likiwa wazi, kwepa siku za mbalamwezi. Wavuvi wetu huvuta samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, kwa hiyo wengi hupumzika na bei inapanda.

Hatua ya 2: Mbuzi

Chukua mbuzi mdogo, aliyenona kiasi. Beberu mzee ana harufu ambayo hakuna ndimu itakayoiondoa. Nusu kilo ya nyama yenye mifupa kwa mtu mzima inatosha, na samaki juu yake. Achinjwe jioni ya jana, nyama ilale kwenye friji. Saa chache baada ya kuchinjwa nyama hukakamaa, na ukiichoma wakati huo watu watatafuna mpaka taya ziume. Mchinjaji awe Mwislamu, ili kila atakayefika ale bila kuuliza. Na kama wavu umewahi kuchomewa kitimoto, azima mwingine.

Chumvi tu. Wanaoloweka mbuzi usiku kucha kwenye viungo vya pakiti sigombani nao, ila mimi siendi kula kwao. Wala usimchemshe kwanza.

Hatua ya 3: Moto

Nusu pipa na wavu wa nondo nyembamba, basi. Usitumie wavu uliopakwa zinki, ule unaong'aa wa kujengea banda la kuku, maana zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Mkaa uwe wa mti mgumu. Gonganisha vipande viwili: ukilia kwa sauti kali, ni mzuri; ukitoa sauti ya kufa na kuacha vumbi jingi mkononi, utakurushia cheche na kuisha mapema. Washa kwa magunzi makavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini bado namkuta mtu anawasha jiko la karamu kwa vipande vya plastiki, halafu anashangaa nyama kunuka.

Subiri mkaa ushike majivu meupe. Kisha usukume mwingi upande mmoja, upande wa pili ubaki na makaa machache. Mafuta yakidondoka na moto ukilipuka, hamishia nyama upande wa pole. Usimwage maji, utapeperusha majivu yaingie kwenye chakula.

Mguu mzima na mbavu zipande wavuni kama saa mbili kabla ya muda wa kula, upande wa pole. Maini na figo yachome mapema, yakate vipande vidogo, yapite kwa wazee kwanza. Hayo ndiyo yatakayowatuliza wakati mbuzi anaiva.

Hatua ya 4: Migebuka

Hapa ndipo jirani alipokuwa ameshika kichwa. Samaki alikuwa anaganda wavuni, akigeuzwa ngozi inabaki juu ya chuma na nyama inaangukia kwenye makaa.

Anza na ununuzi. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi. Matamvua yawe mekundu, jicho liwe limejaa, tumbo liwe gumu. Mgebuka ana mafuta na nyama yake ni laini, kwa hiyo akikaa juani tumbo hulegea na kupasuka, na huyo hata umfanyeje atameguka.

Mpasue mgongoni, umfungue kama kitabu, tumbo libaki limeshikana. Toa matumbo na matamvua, osha, kisha mkaushe. Kumkausha ndiko watu wanakokuruka. Maji juu ya ngozi hugeuka mvuke, na ngozi yenye mvuke haikauki upesi, inanata. Mpanguse kwa kitambaa safi, mpake chumvi, mtandaze kwenye chekecheke chini ya kivuli penye upepo, chandarua juu kwa ajili ya nzi, mpaka ngozi isilowanishe kidole. Nusu saa mara nyingi inatosha. Chumvi itavuta maji mengine, mpanguse tena.

Ndimu usimtie sasa. Ikikaa juu ya samaki mbichi humlainisha, hata kabla ya moto nyama imeanza kuachana. Ndimu ni ya mezani. Kitunguu saumu na tangawizi, ukivitaka, vipake upande wa nyama tu, maana vikigusa wavu vinaungua na kuwa vichungu.

Wavu uwe mtupu juu ya moto mpaka upate joto hasa. Usugue kwa brashi ya waya, halafu upake mafuta ya alizeti kwa kipande cha kitunguu kilichochomekwa kwenye uma. Weka kiganja juu kidogo ya wavu, bila kuugusa, uhesabu: ukifika tatu na huwezi kuendelea, ni mkali mno, tano ni sawa.

Laza ngozi chini. Usimguse. Mwenye haraka humwinua kila dakika kuchungulia, na hapo ndipo anapomchana. Ngozi ikiiva inajiachia yenyewe. Baada ya dakika tano hivi jaribu pembeni kwa mwiko bapa: ikigoma, mwache dakika nyingine. Mgeuze mara moja tu, dakika mbili au tatu zinatosha. Mawese yapake mwishoni kabisa, kidogo. Ukiyapaka mwanzo yatadondoka na kuwasha moto.

Foili hapana. Samaki aliyefungwa kwenye foili amepikwa kwa mvuke, hajachomwa.

Hatua ya 5: Wageni

Ugali wa muhogo na kachumbari wanajua mama zetu, sina la kuwafundisha. Viti viwekwe upande upepo unakotoka, na birika la kunawia liwe tayari. Wageni wa Dar waambie kwamba jua la Kigoma huzama kuelekea saa moja, kwa hiyo mwaliko wa saa kumi unamaanisha kukaa juani. Waite saa kumi na moja. Samaki wa kwanza apande wavuni watu wakiwa wameshanawa.

Makaa yaliyobaki tupia ndizi. Majivu usiyamwage usiku huo. Kaa lililofukiwa huweza kuwa hai mpaka asubuhi.