Gari la kulala likigoma porini, anza na maungio

Kazi yangu hapa Arusha ni kufunga umeme kwenye Land Cruiser zinazogeuzwa kuwa nyumba za safari: friji, taa, pampu ya maji, sola na betri ya pili. Gari likirudi kutoka Serengeti na malalamiko, mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Rasta, yaani matuta madogo ya barabara ya vumbi, za kutoka Ngorongoro hadi Naabi hulegeza nati, huchomoa pini na kuchubua waya unaopita kwenye tundu la bati. Ndiyo maana namwambia kila anayechukua gari: usiwaze kununua spea kabla hujakagua maungio.

Beba mita ya kupimia volti, hata ya bei ya chini. Beba pia spana namba 10 na 12, msasa, tepu ya umeme, fyuzi za kila ukubwa uliomo garini na nyaya nene za kubusti.

Jambo la kwanza ni kujua tatizo liko upande gani. Gari hili lina mifumo miwili ya volti 12: wa injini, wenye betri ya mbele, na wa nyumba, wenye betri ya pili. Stata haizunguki lakini taa za kitandani zinawaka? Acha kabisa nyaya za nyumba. Injini inawaka vizuri lakini friji imezima? Usiguse betri ya mbele. Watu wengi huanza kuchomoa kila waya wanaouona, na gari linanifikia likiwa na matatizo matatu badala ya moja.

Stata ikigoma, washa taa kubwa, kisha mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukitazama. Taa zikififia hadi karibu kuzima, betri imeisha au kuna ungio bovu. Zikibaki na mwanga mkali na ukasikia "tik" moja tu, elekea kwenye stata na waya wake. Baada ya majaribio mawili, gusa vichwa vya betri kwa tahadhari: chenye joto ndicho kilicholegea au chenye kutu. Kifungue, kipige msasa, kikaze. Fuata pia waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi, maana watu huusahau. Kama kweli betri ya mbele imeisha, unaweza kubusti kwa betri ya nyumba ikiwa ni ya asidi. Ikiwa ni ya lithiamu, usifanye hivyo ila mtengenezaji wake awe ameruhusu. Nyingi hazikutengenezwa kutoa umeme mkubwa wa stata.

Sasa friji, maana ndiyo inayoharibu safari za watu. Inazima usiku kule Ndutu, nyama inaanza kuharibika, na mteja ananipigia akisema friji imekufa. Friji ya kompresa huvuta takriban ampia 5 mota yake inapozunguka. Ikiwa imefungwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, mita sita kwenda na sita kurudi, waya peke yake unakula volti 0.4. Betri ya asidi yenye volti 12.2 imebaki na kama nusu ya chaji. Ondoa hiyo 0.4, ongeza plagi iliyolegea, na friji inajizima yenyewe ili kuilinda betri. Kwa hiyo pima sehemu mbili: kwenye vichwa vya betri na kwenye plagi ya friji, mota ikiwa inazunguka. Ukipima friji ikiwa imezima, umeme hautembei na tofauti haitaonekana. Tofauti ikizidi nusu volti, fuata waya hatua kwa hatua: plagi, kishikio cha fyuzi, ethi. Soketi ya kiberiti cha sigara siipendi hata kidogo kwa friji. Mtikisiko huichomoa taratibu bila wewe kujua.

Halafu washa injini na upime betri zote mbili. Kwenye Land Cruiser za kizamani unatarajia volti 13.8 hadi 14.4. Ya mbele ikisoma 14 na ya nyumba 12.3, tatizo liko kwenye relei (swichi inayounganisha betri hizo) au fyuzi kubwa iliyo kati yao. Zote zikibaki kwenye 12, angalia feni belti kwanza, kisha waya ulio nyuma ya alternata.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikiungua tena, kuna waya umechubuka, utafute. Usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara: ndani ya gari hili kuna mbao, godoro na mtungi wa gesi. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote.

Likichemsha mlimani, Kitonga kwa mfano, zima kiyoyozi, shusha gia, na mshale ukiendelea kupanda, simama mahali salama na uweke pembetatu. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto. Ukitoka kwenye nyasi ndefu, chungulia mbele ya rejeta: mbegu za nyasi huziba kabisa njia ya hewa. Zitoe kwa maji au upepo kutokea upande wa injini kwenda nje.

Injini ya dizeli ikikosa nguvu baada ya kujaza mafuta mahali usipopaamini, fungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, mwaga maji, funga koki, kisha piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu.

Ikishindikana, mpigie fundi ukiwa na namba mkononi: volti za kila betri injini ikiwa imezimwa, volti zake ikiwa inanguruma, volti kwenye plagi ya friji, na fyuzi ipi imeungua. Kwa hizo naweza kukuelekeza waya wa kushika, hata mtandao ukikatika baada ya dakika mbili.