Namna ya Kutengeneza Pete za Mtetemo kwa Mikono katika Uhalisia Pepe

Anayevaa miwani ya uhalisia pepe kama Meta Quest, ambayo kamera zake hufuatilia mikono mitupu, huona vidole vyake vikishika kitu bila kuhisi chochote, na mara nyingi huvizamisha ndani ya kitu hicho bila kujua. Mtetemo mfupi unaofika kidoleni papo hapo anapogusa humsaidia sana.

Tafuta mota mbili bapa za mtetemo zenye kipenyo cha milimita 10, za kidole gumba na kidole cha shahada, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyobana vitu. Usiziunganishe moja kwa moja na pini za bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye Wi-Fi inayoendesha mota, kwani mota ya namna hii huweza kuvuta takriban miliampea 80, nao ni mzigo mkubwa mno kwa pini moja. Pini iamuru transista ya 2N2222, inayofanya kazi kama swichi ya mota, kupitia rezista ya omu 470. Mota ichukue umeme wake kwenye volti 3.3 za bodi, na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iwekwe sambamba nayo, upande wenye mstari ukielekea chanya, ili transista isiharibiwe na umeme unaorudi mota inapozimwa.

Mahali pa kufunga mota panastahili kufikiriwa vizuri. Ikiwa kwenye ncha ya kidole, mota mbili hugongana mtu anapobana, tena huficha umbo ambalo kamera zinalitafuta. Glavu nene huleta shida hiyohiyo. Mimi huchagua upande wa kiganja wa pingili iliyo chini ya ile ya mwisho, nikitumia utepe mwembamba wa velkro usiozuia damu.

Katika Unity, programu ya kutengenezea mazingira ya uhalisia pepe, weka kigunduzi cha mgusano kwenye ncha ya kila kidole, kitume ujumbe mfupi kwa bodi kupitia Wi-Fi kidole kinapoingia ndani ya kitu. Anza kwa nguvu kamili kwa milisekunde 50 hivi, kwa sababu mota huchelewa kushika kasi, kisha punguza na uongeze tena kadiri kidole kinavyozama. Usiache mtetemo uendelee muda wote kitu kinaposhikwa, maana ngozi huuzoea upesi na mguso unaofuata hufifia.

Ukitaka mtetemo mkali zaidi wa kuanza na kukoma, tumia mota za LRA, ambazo uzito wake hutikisika mbele na nyuma badala ya kuzunguka, pamoja na chipu ya kuziendesha ya DRV2605L. Chipu hizo zote zina anwani moja, 0x5A, kwa hiyo kila moja ipewe njia yake ya I2C, yaani nyaya mbili ambazo bodi hutumia kuwasiliana na chipu. ESP32 inazo mbili.