Sabuni ya kufulia isiyochoma migomba

Hapa Maji ya Chai, mkoani Arusha, kiangazi kikianza, migomba yangu inaishi kwa maji ya kufulia. Mwaka wa kwanza nilimwaga yote, povu na dawa ya madoa humo humo. Mparachichi ulio karibu na kamba ya nguo ukakauka ncha za majani kama umepitiwa na moto, na udongo ukafanya ukoko mweupe. Ilikuwa chumvi.

Jamani, maji mengi ya upande huu wa Mlima Meru yana magadi, yaani chumvi ya sodiamu, tangu ardhini. Sabuni yenye sodiamu inaongeza palepale. Sodiamu ikizidi udongo unashikana, maji yanatuama juu na mizizi inabaki na kiu.

Kwa hiyo sabuni ya unga mimi naiacha dukani. Soma nyuma ya pakiti: sodiamu kaboneti, sodiamu salfeti. Ukiona boraksi, irudishe haraka, maana boroni ikizidi kidogo tu ni sumu kwa mimea. Klorini nayo inaua vijidudu vinavyorutubisha udongo.

Sabuni ya maji inaweza kufaa, ila ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa muulize aliyeitengeneza. Wengi huizidishia uzito kwa chumvi ya jikoni! Jirani yangu aliniambia bila kuficha kwamba yeye hutia. Swali langu la pili huwa hili: umetumia kostiki soda, yenye sodiamu, au potashi, yenye potasiamu? Ya potashi ndiyo ninayoitafuta, kwa sababu potasiamu ni chakula cha mgomba. Nikiikosa nachukua sabuni ya mche. Nayo ina sodiamu, lakini ukisugua nguo kwa mkono unatumia kidogo kuliko kukung'uta unga kwenye beseni.

Maji ya povu nayapeleka kwenye migomba kwa zamu, leo shina hili, kesho lile. Ya kusuuza yanakwenda kwenye mipapai. Mparachichi siupi hata tone, hauvumilii chumvi. Mchicha pia hapana, na maji ya nepi ni ya chooni. Mwaga chini kwenye shina, siku hiyo hiyo, kabla hayajaoza.

Ukoko mweupe ukirudi, pumzisha shina hilo. Masika nalitegea maji ya bati, ndoo baada ya ndoo, mpaka udongo uanze tena kunywa.