Paka Haamrishwi, Nyumba Ndiyo Hupangwa

Paka akiitwa husikia vizuri tu, kisha huamua mwenyewe. Anayeishi naye hujifunza mapema kuacha kumfokea na kuanza kuhamisha vitu, maana kero nyingi za paka chanzo chake ni jinsi nyumba ilivyopangwa.

Paka mgeni mpe chumba kimoja kwanza: maji, chakula, beseni la mchanga na boksi lenye tundu la kujifichia. Wengine hutoka siku ya pili, wengine baada ya wiki. Usimvute kutoka uvunguni. Keti sakafuni bila kumkodolea macho, kwani kwake huo ni ugomvi. Fumba macho polepole, ufumbue, kisha nyoosha kidole usawa wa pua yake. Akikinusa na kukisugua kwa shavu, mkune kidevuni. Tumbo liache, hata akilala chali mbele yako. Mkia ukianza kuchapa sakafu au masikio yakilala nyuma, ondoa mkono kabla hujaparurwa.

Choo ndicho kinachowashinda wengi. Beseni liwe refu mara moja na nusu ya mwili wake, mchanga laini wa kina cha sentimita 5 hivi, mbali na sahani ya chakula. Mkiwa na paka wawili, mabeseni yawe matatu. Kinyesi kitolewe kila siku, si kwa harufu tu: vimelea vya toksoplasma vilivyomo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha mapema huvitangulia. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini zina sumu kwa paka.

Akijisaidia zuliani, kumsugua pua hakumfundishi kitu ila kukuogopa. Jiulize: beseni ni chafu? Lipo penye kelele? Mchanga ulibadilishwa ghafla? Lakini dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo hana utundu wowote. Njia imeziba, na siku hiyohiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, la sivyo atakufa.

Kuparura nako hakuzuiliki. Kwa njia hiyo huvua magamba ya kucha na kuacha harufu yake. Chukua nguzo ya mbao ya sentimita 90, izungushie kamba ya katani kwa kubana, uipigilie kwenye ubao mpana na mzito. Fupi hataitaka, kwa sababu anataka kujinyoosha mwili mzima. Inayoyumba ataigusa mara moja na kurudi kwenye kochi. Iweke papo hapo kando ya kochi analoliharibu. Wengi huificha pembeni kwa kuona aibu, na ndiyo maana haitumiki. Akishaizoea, isogeze kidogo kidogo kila siku.

Kuhusu kelele za saa kumi alfajiri: ukiamka mara moja kumlisha, umeshamfundisha. Kabla ya kulala mchezeshe dakika 10 hadi 15 kwa unyoya uliofungwa kwenye kamba, kisha mlishe. Kamba uifungie kabatini, kwani akiimeza hukunja utumbo. Siku za mwanzo atalia zaidi. Usitoke kitandani.

Ugali na mchuzi peke yake haumtoshi. Mwili wake hutegemea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Dagaa wa chumvi waloweke, uwasuuze, uwachemshe bila kitunguu. Maziwa huwaharisha paka wazima wengi. Paracetamol usimpe kamwe, hata kipande. Akigoma kula siku mbili, hasa akiwa mnene, mpeleke akapimwe, kwani mafuta hujaa kwenye ini.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi 3. Kuhasiwa au kufungwa kizazi kusingoje akue sana: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, huibeba wiki 9 tu, na anaweza kushika nyingine angali akinyonyesha. Waswahili wanasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, basi piga hesabu kabla hawajawa kumi.