Una chupa ya waini ya Bordeaux na unakaa Iringa? Itoe juu ya friji kwanza

Kamwene wakuu. Shemeji alinipa chupa ya Bordeaux, waini nyekundu ya kule Ufaransa, akasema tunza mpaka dogo amalize fom foo, mi nikaisimamisha juu ya friji jikoni nikijua baridi ya Iringa itanilindia. Miaka minne baadae tunafungua, kizibo kinamegeka kama mkate mkavu, ndani siki. Tukaunga nayo nyama.

Kwanza angalia kama chupa yenyewe ni ya kutunza, maana nyingi sio. Ile iliyoandikwa Bordeaux tu bila jina la kijiji inywe ndani ya miaka michache, na Beaujolais Nouveau, waini changa ya Ufaransa inayotoka kila Alhamisi ya tatu ya Novemba ichukulie kama ulanzi, ukichelewa imekula kwako. Za kungoja ni kama za Pauillac au Saint-Julien, vijiji vya huko Bordeaux, zenye zabibu aina ya Cabernet Sauvignon nyingi, shamba likiwa zuri na mwaka ni 2005, 2010 au 2016 inaenda miaka 20 na zaidi.

Kinachoibeba ni ukakasi. Isahau chai ya rangi ya Mufindi kwenye birika nusu saa, majani mengi, halafu inywe bila sukari, ule ukavu kwenye ulimi na fizi ndio huo huo, ila kwenye waini unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kidogo na kwenye mapipa ya mwaloni. Ikiwa changa inakaba kabisa. Ikikaa ukakasi unashikana wenyewe kwa wenyewe, mwingine unazama chini unakuwa mashapo, waini inalainika, rangi inatoka zambarau inaelekea tofali, na harufu ya matunda inapisha ya tumbaku, ngozi, hata uyoga (usicheke, ndo utamu wenyewe).

Sasa kutunza. Inataka nyuzi 12 hadi 14 hivi, na mtu wa Njombe au Makete atasema mbona tumemaliza. Baridi tunayo, shida ni kupanda na kushuka, mchana bati linapigwa jua, usiku unavuta blanketi la pili. Waini ikipata joto inatanuka inasukuma kizibo, ikipoa inavuta hewa, fanya hivyo kila siku miaka minne uone. Tafuta chumba cha katikati kisichopigwa na jua la jioni, iweke kwenye boksi sakafuni, gizani, izungushie blanketi, na uilaze ili kizibo kisikauke.

Siku ya kuifungua, isimamishe tangu jana yake mashapo yashuke, mimina polepole kwenye jagi huku umewasha tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, ukiona uzi mweusi unakuja acha hapo hapo. Changa ipe saa moja au mbili ipumue, mzee mnywe mapema, harufu zake hazikai. Friji achana nayo, sebule ya Iringa mwezi wa saba inatosha.

Shemeji kaahidi nyingine, mi nishaandaa boksi uvunguni.