SOMO: Iandae kompyuta yako kabla apdeti ya kuongeza fremu ya Counter-Strike 2 haijashuka

Wakuu, habari za saa hizi. Kila kukicha kwenye magrupu ya gemu hapa Kigoma swali ni lilelile: ile apdeti ya kupunguza kukwama kwa Counter-Strike 2 (CS2), gemu la kufyatuliana risasi mtandaoni, inashuka lini? Tarehe hakuna mwenye nayo. Valve, wenye gemu lao, mara nyingi huachia maelezo ya mabadiliko sambamba na apdeti yenyewe, kwa hiyo anayekutajia siku na saa anakupiga fiksi. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kuisubiri, ili ikishuka ujue kwa namba kama imekusaidia. Maana apdeti ikishuka tu, nusu ya watu wanasema gemu limekuwa laini kama mawese, nusu wanasema limeharibiwa kabisa, na ukiwauliza kabla ya hapo walikuwa wanapata fremu ngapi, kimya.

Tuelewane kwanza apdeti inaweza nini. Kukwama kuna aina mbili na watu wanazichanganya. Moja ni fremu: kompyuta yako inashindwa kuchora picha kwa haraka. Nyingine ni pingi: taarifa zinachelewa njiani kati yako na seva. Apdeti ya utendaji inagusa ile ya kwanza.

Na inaigusaje? Hakuna uchawi, ni kuondoa kazi ya bure ambayo programu ilikuwa inaifanya. Mfano mzuri ni gemu jingine la mtandaoni, GTA Online. Kwa miaka watu walikuwa wanasubiri dakika kibao gemu lifunguke. Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejua programu akalifungua kwa zana zake, akakuta gemu linasoma faili moja la maandishi la takriban MB 10, lenye orodha ya vitu vya kununua, kwa namna ya kijinga: kwa kila kipande kidogo linahesabu upya herufi zote zilizobaki hadi mwisho wa faili. Alipolirekebisha kwenye mashine yake, dakika sita zikawa chini ya mbili. Rockstar, wenye gemu hilo, wakakubali, wakatoa marekebisho Machi 2021 na kumzawadia dola 10,000. Hapo hakuna aliyenunua RAM. Ndiyo maana kusubiri apdeti si ujinga, mradi ujue unasubiri nini.

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Pima leo, kabla ya kugusa chochote.

Ingia kwenye mipangilio ya gemu, tafuta sehemu iliyoandikwa Telemetry, washa onyesho la fremu na la pingi lionekane muda wote. Kisha cheza kawaida kwenye ramani unayoizoea, Dust2 kwa mfano. Usiangalie namba kubwa unayoipata ukiwa umesimama unatazama ukuta. Angalia ile ya chini kabisa: moshi umetupwa, watu wanafyatuliana risasi ndani yake, na bomu limelipuka pembeni. Moshi wa CS2 una ujazo, risasi zikipita unatoboka na kujifunga tena, na hiyo ni kazi nzito. Mashine inayokupa fremu 70 ukitembea inaweza kukupa 28 hapo kwenye moshi, na ni hizo 28 zinazokuua.

Tuweke hesabu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inachukua milisekunde 16.7. Fremu 30 ni milisekunde 33.3. Ukiwa na wastani wa 60 lakini picha mojamoja inachukua milisekunde 80, utahisi gemu linagugumia ingawa wastani unapendeza. Apdeti nyingi nzuri haziongezi wastani, zinapunguza hizo picha zinazochelewa. Mtu anayeangalia wastani peke yake atasema haijafanya kitu. Kwa hiyo andika namba tatu: wastani, ya chini kwenye moshi, na pingi. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Hatua ya 2: Jua kinachokubana.

Shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720, pima tena palepale. Fremu zikipanda sana, kadi ya picha ndiyo dhaifu. Zisipopanda, prosesa ndiyo imechoka, na kushusha mipangilio ya picha hakutakusaidia, unacheza na picha mbaya bure. CS2 hula sana prosesa, kwa hiyo laptopu zetu nyingi za mtumba zitaangukia hapa. Baadaye ukisoma maelezo ya apdeti utajua kama wamegusa upande wako. Wakisema wamepunguza mzigo wa prosesa na wewe kilio chako ni kadi, usitegemee makubwa.

Hatua ya 3: Safisha upande wako.

Kama laptopu haijafunguliwa tangu uinunue, mpelekee fundi apulize vumbi na abadilishe ile pesti ya kupitisha joto la prosesa. Mashine ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, na hakuna apdeti ya Valve itakayoondoa vumbi la mtaa wa Mwanga ndani ya feni yako. Cheza ukiwa umechomeka kwenye umeme, betri peke yake inaipunguza nguvu. Na kama una RAM ya GB 8 ya kipande kimoja na mashine haina kadi ya picha ya kujitegemea, weka vipande viwili. Kadi ya ndani inatumia RAM hiyohiyo, na vipande viwili vinaipa njia pana zaidi. Kwa pesa ndogo, hilo ndilo badiliko ninaloliamini kuliko yote.

Futa pia zile amri za kuwashia gemu ulizonakili YouTube. Nyingine ni za enzi za CS:GO, gemu lililoitangulia CS2. Mtu bado ameweka amri ya "tickrate 128" wakati CS2 haiisikilizi kabisa.

Hatua ya 4: Draiva sasa hivi, si siku ya apdeti.

Hii watu hawaitilii maanani. Ukiweka draiva mpya (programu inayoiongoza kadi ya picha) siku ileile apdeti imeshuka, fremu zikipanda utamshukuru nani? Zikishuka utamlaumu nani? Weka draiva leo, cheza mechi kadhaa, rudia vipimo vya hatua ya kwanza, hizo ndizo namba zako halali. Baada ya hapo usiguse kitu mpaka apdeti ipite.

Hatua ya 5: Nafasi na bando.

CS2 inataka GB 85 kwenye diski. CS:GO ilitaka 15 tu, ndiyo maana diski za zamani zinalia. Na apdeti inahitaji nafasi ya ziada, kwa sababu Steam, programu ya Valve ya kushushia gemu, inapakua vipande pembeni kwanza ndipo inavichanganya na mafaili ya zamani. Apdeti ndogo inaweza kugoma kwa sababu diski imejaa movie.

Kwa bando, elewa saa. Valve wako Bellevue, jimbo la Washington, Marekani, saa kumi au kumi na moja nyuma yetu kutegemea msimu wao. Wakiachia kitu saa kumi jioni kwao, kwetu ni saa nane usiku au saa tisa. Kwa wenye bando la usiku hiyo ni neema: kwenye mipangilio ya vipakuliwa ya Steam panga apdeti zifanyike usiku tu, acha kompyuta imewashwa, lala.

Ambaye gemu limeharibika na anatakiwa kulishusha lote upya, piga hesabu kabla hujaanza. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 85 ni karibu saa 19, hapo umeme haujakatika na bando halijaisha. Njia ya akili ni kuhamisha kutoka kwa mwenzako. Tangu 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Mmoja anashusha, wengine mnakutana kwenye chumba cha gemu na laptopu zenu, mnaunganisha kwa kebo, mnawasha uhamishaji kwenye mipangilio ya vipakuliwa. Kwa kebo na swichi ya gigabiti, GB 85 zinaweza kuingia chini ya nusu saa kama diski si nzito. Swichi za zamani za megabiti 100 ni karibu saa mbili, bado si 19. Sharti ni kwamba wa kutoa awe ameshamaliza apdeti, na wote muwe mmeingia Steam mtandaoni, ila data ya hapo ni kidogo sana.

Hatua ya 6: Ikishuka.

Usihukumu mechi ya kwanza. Baada ya apdeti kubwa gemu linaandaa upya zile sheda, maelekezo madogo ya kadi kuhusu namna ya kuchora kila kitu, na wakati huo linagugumia. Pita kwenye ramani zako zote, kisha ndipo pima kwa ramani ileile, mipangilio ileile. Fungua daftari, linganisha.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Ujiji: Mkuu, pingi yangu ni 180 kwenda juu. Apdeti itaishusha?

Hapana, kaka. Mwanga ndani ya faiba hutembea takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Tuseme data yako inapita Dar, na mkongo ufuate reli, hiyo ni kilomita kama 1,250. Tuseme seva iko Johannesburg: kutoka Dar hadi huko kwa mstari ulionyooka ni kama 2,450. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 37, hapo hujaweka mnara, mizunguko ya mitambo, wala ukweli kwamba nyaya za baharini hazinyooki. Zaidi ya 37 ni masuala ya mtandao wako na seva uliyopangiwa. Kwenye mipangilio ya gemu kuna kikomo cha pingi ya kutafutia mechi, kishushe ili usitupwe Ulaya. Utasubiri mechi kwa muda mrefu zaidi, ndiyo bei yake. Na kumbuka 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi nzima ilihangaika na intaneti. Hapo hata kompyuta ya milioni tano haifui dafu.

Mdau wa Kasulu: Laptopu yangu ni ya biti 32, RAM GB 4. CS:GO ilikuwa inakubali. Nisubiri apdeti?

Usisubiri, mdogo wangu. CS2 ilipotoka Septemba 2023 waliacha mifumo ya biti 32, kadi za DirectX 9, na pia macOS, wakasema wachezaji hao hawakufika asilimia moja. Kima cha chini sasa ni RAM GB 8 na kadi ya DirectX 11. Apdeti ya utendaji inawasaidia walio ndani ya mstari. Wewe weka pesa ya mashine nyingine.

Mdau wa Tabora, Isevya: Ikija vibaya naweza kurudi toleo la nyuma?

Ili kucheza mtandaoni, hapana. Seva zinataka wote muwe toleo moja. CS:GO ya zamani waliiacha kama tawi la pembeni, na msaada wake ukakoma 1 Januari 2024.

Mdau wa Gungu: Nikishusha apdeti kasi inaenda hadi sifuri kisha inarudi. Mtandao au nini?

Angalia mstari wa diski palepale kwenye ukurasa wa vipakuliwa. Kama diski inafanya kazi huku mtandao uko sifuri, Steam inachanganya mafaili, si mtandao. Diski ya kuzunguka huchukua muda mrefu hapo. Usizime, usianze upya.

Mdau wa Mwanga: Kuna jamaa anauza programu ya "kuongeza FPS" (fremu kwa sekunde) elfu kumi, anasema inafanya kazi ya hiyo apdeti. Vipi?

Hiyo elfu kumi kanunue dagaa. Programu ya nje haiwezi kuondoa kazi ya bure iliyomo ndani ya gemu. Nyingi zinazima huduma za Windows ambazo ungezima mwenyewe. Zinazojipenyeza ndani ya gemu ni mbaya zaidi, kwani mfumo wa kuzuia wanaocheza kwa udanganyifu unaweza kuzikataa na akaunti ikaingia matatani.

Mdau wa Ujiji tena: Umeme ukikatika katikati ya apdeti je?

Steam inaendelea ilipoishia. Gemu likigoma kufunguka, bofya kitufe cha kulia kwenye jina lake, nenda kwenye sifa zake, sehemu ya mafaili yaliyosakinishwa, chagua kuyahakiki. Litashusha yaliyoharibika tu, si GB 85 zote.